Pua ya Kibua

Jumamosi ya tarehe tisa, mwezi wa kumi na moja, ndiyo siku kila kitu kilipokwenda mrama. Asubuhi hiyo boti nyeupe ya Daktari wa Meno ilikutwa ikielea nje ya ukuta wa mawe unaokinga gati. Injini imezimwa, kofia yake iko kwenye kiti, mwenyewe hayupo. Jumapili bahari ikamrudisha, kisogo kimepasuka. Na kabla maiti haijakauka maji, Mkuu wa kituo alikuwa ameshapata mtu wa kumtia ndani: Baba Vibua, muuza vibua, samaki wadogo wa chambo hai, pale gatini.

Wakubwa wana haraka ya mambo mawili tu hapa duniani, kula na kufunga jalada.

Jumatatu, jua halijapanda hata paa la kituo, Sajenti alikuwa amesimama mbele ya mahabusu akimhoji Baba Vibua kwa mara ya mwisho. Lori la mahakamani lilikuwa liondoke saa sita mchana. Kosa la kuua halina dhamana. Anayepanda lori lile hupelekwa gereza la nyuma ya milima kungoja kesi, na kule wako watu waliongoja mpaka wakasahau wanangoja nini.

"Rudia," Sajenti alisema.

"Afande, nimerudia mpaka ulimi umeota sugu. Jumamosi Daktari hakuja kuchukua chambo. Kila Jumamosi huja, siku hiyo hakuja. Vibua wake wakabaki kwenye tangi langu. Basi."

"Mkuu anasema alikuja, na kwamba wewe ndiye wa mwisho kumwona. Ndoano yake ilikuwa na kibua."

"Si wangu."

"Uzi ni wako na fundo ni lako. Gati nzima inalijua fundo lako."

Baba Vibua akatazama viganja vyake, kama mtu anayetafuta mahali vilipomsaliti.

"Na wiki iliyopita mlitukanana mbele za watu," Sajenti aliendelea.

"Alisema vibua wangu wamelala usingizi. Nikamwambia wanaolala ni wagonjwa wake, kwa sindano. Watu wakacheka. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akashika kiuno! Hilo la kucheka mbona halimo kwenye karatasi zenu?"

Halikuwamo kwa sababu aliyeandika alikuwa Mkuu, na kicheko hakimfungi mtu.

Sajenti hakuridhika tangu Jumamosi. Ndiye aliyepanda ile boti kwanza. Alikuta fimbo moja ya kuvulia imechomekwa mahali pake, uzi umeingia majini, na mwisho wa uzi kibua mmoja, amekufa. Akampiga picha kwa simu, akamtia kwenye mfuko pamoja na ndoano yake, akampeleka kituoni kwenye friji, katikati ya soda za Mkuu. Kisha akatia mkono kwenye tangi la boti, lile la kuwekea chambo hai. Lilikuwa kavu kama koo la mlevi asubuhi.

Alimwambia Mkuu siku ileile. "Mtu anayevua kwa chambo hai hatoki na tangi kavu, Mkuu. Hawa samaki bila maji ya kupita wanakufa upesi."

"Labda alitaka samaki mmoja," Mkuu alijibu, akaendelea kuchokonoa meno.

Sajenti akachukua baiskeli, akateremka gatini.

Mama Vibua, mkewe mahabusu, alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa gati, mguu mmoja ukikanyaga kamba ya ndoo isiteleze. Mkononi alikuwa na uzi wenye vindoano vidogo vilivyopangana, kila kimoja kimefungiwa kipande cha karatasi ya kung'aa. Aliuteremsha mpaka ukagusa chini, akaupandisha kidogo, akautikisa, akautikisa tena. Uzi ukaanza kutetemeka. Alipouvuta, vibua wanne walining'inia wakimetameta kama vijiko. Hakuwagusa. Alikuwa na kipande cha waya kilichopindwa; alinasa kindoano, akapindua mkono, kibua akadondoka mwenyewe ndani ya ndoo.

"Habari za asubuhi, shemeji."

"Shemeji? Tangu lini?" Hakugeuka. "Shemeji zangu mimi hawamfungi kaka yao."

"Mimi sikumfunga."

"Ufunguo umeshika nani?"

Sajenti akameza hilo, maana lilikuwa la kumeza. Akachuchumaa karibu yake. "Mbona huwashiki kwa mkono?"

"Mkono mkavu unamvua utelezi wake. Utelezi ndio nguo yake. Ukimvua, kesho anaelea." Akabeba ndoo kwa mikono miwili kwenda kibandani. "Sema kilichokuleta. Mume wangu anasafirishwa leo na mimi nina ndoo ya kumwaga."

Ndani ya kibanda kulikuwa na tangi kubwa la plastiki, mviringo, bomba likiingiza maji ya bahari upande mmoja na kuyatoa upande wa pili. Vibua walikuwa wanazunguka wote njia moja, kama watu wanaotoka uwanjani. Sajenti akatoa simu, akamwonyesha ile picha ya Jumamosi.

Mama Vibua aliitazama kwa karibu. Uso ukamfunguka kidogo, kwa fahari ya mke anayeona kazi ya mumewe.

"Huo ni mkono wa mume wangu. Tazama kitanzi kilivyokaa sawa! Hakuna mwingine anayefunga hivyo hapa..." Akakatiza maneno. Akajiziba mdomo kwa kiganja kilicholowa. "Nimemmaliza."

"Hujammaliza. Mkuu alishalijua hilo kabla yako."

"Subiri. Subiri kwanza." Akavuta kopo la rangi lililokwisha kutoka rafuni, akalipindua mezani. Vikamwagika vitanzi vya uzi vilivyokwisha kufungwa, chungu nzima. "Hivi anafunga akikaa bila kazi. Wenye boti hawana subira ya kufunga, wanakuja kuchota tu. Klabu nzima ina vitanzi vya mume wangu mifukoni! Akikutwa mtu amekufa na kiatu mguuni, mnamkamata fundi viatu?"

Sajenti akaokota kitanzi kimoja, akakitia mfukoni. Fundo lilikuwa limeacha kumtaja mtu. Lakini bado halikumtoa mtu. Jambo moja ni kusema yeyote angeweza, jambo lingine ni kusema nani.

"Nionyeshe mnavyotunga chambo," alisema. "Polepole. Kama unanifundisha."

Mama Vibua akalowesha mikono, akachota kibua kwa wavu laini, akamfunika macho kwa kidole gumba; samaki akatulia. Akachukua sindano ndefu iliyovishwa kitanzi, akaipitisha kwenye uwazi ulio mbele ya jicho, ikatokea upande wa pili. Ndoano akaipitisha ndani ya kitanzi, akaizungusha mpaka uzi ukakaza, akaichomeka chini ya uzi wenyewe. Ndoano ikakaa juu ya kichwa kama kofia. Haikugusa nyama hata kidogo.

"Hivi anaweza kukokotwa na boti na bado anaogelea," alisema. "Boti ikisimama, hapo unamchoma mgongoni, mbele ya pezi, anajihangaikia mwenyewe."

"Mbona anatoka damu hapo?"

"Sindano imepita, yu hai. Ulitaka atoke nini, uji?"

Pale sindano ilipoingia palikuwa na tone jekundu, na kando yake damu ilikuwa imeanza kuvilia chini ya ngozi. Sajenti alilitazama tone lile mpaka Mama Vibua akamrudisha samaki majini. Kibua wa Jumamosi hakuwa na alama hiyo. Matundu yake yalikuwa safi kama matundu ya kamba ya kiatu. Alimshika mwenyewe, alimgeuza mwenyewe, akayaona, na hakujua anaona nini.

"Shemeji, akitungwa akiwa ameshakufa?"

"Hatoki kitu. Damu ya maiti haina safari." Akakunja uso. "Lakini nani atunge mzoga na huku ana walio hai?"

"Asiyekuwa na walio hai. Na asiyekuwa na haja ya kuvua."

Mama Vibua akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Bomba likaendelea kukoroma.

"Huyo samaki wenu," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini, "pua yake ilikuwaje?"

"Imechubuka. Nyekundu, karibu mfupa uonekane."

"Una hakika?"

"Nilidhani ni ndoano iliyomfanya hivyo."

"Ndoano inakaa juu ya kichwa, umeona sasa hivi. Haifiki puani." Alinyanyuka, akapiga ubavu wa tangi kwa kofi. "Hapa hakuna kona. Kibua hajui kurudi nyuma, afande. Ukimpa mviringo anazunguka mpaka kiama. Ukimpa kona, anaigonga, anaigonga, anaigonga, mpaka pua inaisha na yeye anaisha. Huyo hakutoka kwetu. Huyo ametoka kwenye tangi lenye pembe."

"Liko wapi tangi lenye pembe?"

Akacheka kicheko kikavu. "Gati nzima liko moja. Lile la vigae. Lililokatiwa utepe."

Sajenti alilijua. Klabu ya wavuvi wa starehe ililijenga kwa mbwembwe, na Mwenyekiti alisimama mbele yake na mkasi, suti nyeupe, akasema sasa wanachama hawatahangaika tena na vindoo vya watu. Tangi la mraba, vigae vya buluu. Samaki wakawa wanakufa ndani yake kila siku, na kila siku wanatupwa, na hakuna aliyediriki kumwambia mkubwa kwamba utepe umekatwa bure.

"Basi kamtoe mume wangu," Mama Vibua alisema.

"Nimchukue kwanza yule samaki."

Angekwenda moja kwa moja kituoni, pengine habari hii ingekuwa nyingine. Lakini klabu ilikuwa pale pale, mwisho wa gati, na Sajenti alitaka kuliona tangi kwa macho yake kabla ya kufungua mdomo mbele ya Mkuu. Mtu mdogo akienda kwa mkubwa na neno moja tu hurudishwa. Alitaka kwenda na mawili.

Alikuta tangi linamwagwa. Mfanyakazi mmoja alikuwa ndani na brashi, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Mwenyekiti mwenyewe amesimama pembeni, kikombe mkononi, anasimamia.

"Sajenti! Karibu. Utakunywa nini?"

"Nashukuru, niko kazini. Naona mnasafisha."

"Uchafu haungoji mtu."

"Leo ndiyo siku yake?"

"Siku yake ni siku ninayosema mimi."

Kwenye kona ya tangi, vibua wafu walikuwa wamerundikana. Sajenti akainama, akamwokota mmoja. Pua nyekundu, imelika. Akamfunga kwenye kitambaa chake cha mkononi. Mwenyekiti alimfuata kwa macho.

"Jumamosi asubuhi ulikuwa wapi, mzee?"

"Hapa hapa. Nilifungua mimi."

"Na mlinzi?"

"Alikuwa na ruhusa."

"Alipewa na nani?"

"Na mwenye kutoa ruhusa." Akanywa kidogo. "Ni mimi."

"Daktari alipita hapa?"

"Boti zote zinalala hapa, Sajenti. Ulitaka apite wapi, hewani?"

"Ulimwona?"

"Nilimsikia. Injini."

"Hamkuongea?"

"Kulikuwa na la kuongea?"

"Watu wanasema alikuwa na neno na wewe kuhusu mashindano ya samaki mzito kuliko wote. Kwamba samaki wako wa ushindi alipasuliwa akakutwa amemeza vyuma vya kuzamishia nyuzi."

Mwenyekiti akacheka, meno yote nje, yamepangwa vizuri. Huenda yalipangwa na marehemu. "Samaki mkubwa anameza kila kitu. Tumeshamuuliza kwa nini, hajajibu."

"Daktari alitaka kulisema kwenye mkutano wa klabu. Mkutano ni kesho."

"Mkutano umeahirishwa. Tuna msiba."

"Unajua kutunga chambo, mzee?"

"Mimi hutungiwa."

"Na siku hakuna wa kukutungia?"

Mwenyekiti aliweka kikombe juu ya vigae, taratibu sana, akatoa simu kwenye mfuko wa shati. Hakupandisha sauti. Watu wa namna hii hawapandishi sauti, wameajiri wa kupandisha.

"Mkuu wako anajua uko hapa?"

Sajenti alipogeuza baiskeli alisikia nyuma yake, "Halo, ndugu yangu, za tangu jana?" na ndipo alipoanza kukanyaga pedali kama mtu anayefukuzwa.

Mlango wa friji ya kituo ulikuwa wazi. Koplo alikuwa anaipangusa ndani kwa kitambaa, soda zimepangwa sakafuni.

"Mfuko wangu uko wapi?"

"Mkuu kaagiza friji isafishwe. Kasema inanuka."

"Samaki yuko wapi, Koplo?"

"Nimemtupia paka, afande." Akaona uso wa Sajenti, akasimama wima. "Na mimi nimeagizwa! Nikatae?"

"Ameagiza saa ngapi?"

"Sasa hivi. Alikuwa na simu sikioni, akatoa kichwa dirishani, akasema friji. Au alisema kabla ya simu? Sikumbuki, afande. Naapa sikumbuki."

Nyuma ya jengo, chini ya ngazi, paka wa kituo alikuwa anajilamba miguu ya mbele. Sajenti alikuta mkia na magamba machache kwenye saruji. Alipiga magoti akatafuta kichwa. Alitafuta kwenye majani, kwenye mtaro, nyuma ya mapipa. Paka alimwangalia kwa utulivu wa aliyeshiba.

Mkuu alikuwa nyuma ya meza yake. Mbele yake palikuwa na bahasha imefungwa vizuri, imepigwa muhuri.

"Kaa, Sajenti. Usihangaike. Kielelezo kipo."

"Kimeliwa na paka, Mkuu."

"Kimeliwa nyama. Ndoano na uzi tumevitoa kwanza, tumevihifadhi kama sheria inavyotaka." Akagonga bahasha kwa kalamu. "Hapa ndipo penye ushahidi. Fundo la mtuhumiwa, limefungwa kwa mkono wa mtuhumiwa."

"Ushahidi ulikuwa puani."

"Puani."

"Yule kibua alitoka kwenye tangi la klabu, na alitungwa akiwa mfu. Baba Vibua alisema kweli, Daktari hakufika kwake. Mtu aliichomeka ile fimbo ili ionekane Daktari alitoka kuvua." Akafungua kitambaa juu ya meza. "Tazama. Pua hii, na ya yule, ni moja."

Mkuu alisogea nyuma kidogo kwa ajili ya harufu. "Huyu umemtoa wapi?"

"Klabuni."

"Basi ni wa klabu. Na yule mwingine unayemfananisha naye yuko wapi?"

Sajenti akatoa simu. Picha ilikuwa moja. Kibua ameshikwa kwa mkono wa kushoto, ndoano inaonekana, kitanzi kinaonekana. Matundu ya sindano yalikuwa kwenye kivuli. Na puani, palepale puani, lilikuwapo gumba la Sajenti mwenyewe, nene, limefunika kila kitu.

Mkuu aliikuza picha kwa vidole viwili. Akaitazama kwa muda, kama mtu anayejitahidi kusaidia.

"Mimi naona gumba," alisema. "Tulishitaki gumba?"

"Nimemwona kwa macho yangu, Mkuu. Nitakula kiapo."

"Utakula kiapo juu ya nini? Juu ya samaki aliyekuwa kituoni, chini ya ulinzi wako, akaliwa na paka?" Akamrudishia simu. "Ukisema hivyo mahakamani, atakayeulizwa maswali ni wewe. Nakulinda, Sajenti. Hujui tu."

Nje, honi ya lori ikalia.

Walikuwa wameshampakia. Baba Vibua alikaa kwenye benchi la chuma, pingu mikononi, kati ya wezi wawili wa nyaya. Alipomwona Sajenti anatoka mbio alinyanyuka, akaketishwa.

"Afande! Umempata aliyeua?"

Sajenti akainua kile kitambaa alichokikunja upya mezani kwa Mkuu, akakishusha.

"Basi mwambie mama watoto asijaze tangi!" Baba Vibua alipaza sauti, lori linaanza kusogea. "Wakiwa wengi wanakoseshana hewa! Na bomba, alisikilize bomba, likikoroma sana limeziba!"

Koplo akafunga geti. Vumbi lilichukua muda kutua.

Mama Vibua alifika vumbi likiwa bado juu. Alikuwa amekimbia kutoka gatini, kanga imelowa mpaka magotini, magamba kwenye mikono. Alitazama geti, akatazama barabara, akatazama kitambaa kilichokuwa bado mkononi mwa Sajenti.

Sajenti akamwambia yote. Hakupunguza. Friji, paka, bahasha, gumba. Mama Vibua alimsikiliza mpaka mwisho bila kulia wala kutukana, na ingekuwa nafuu kama angetukana.

"Kwa hiyo alitungwa mfu," alisema.

"Ndiyo."

"Na alitoka kwenye tangi la vigae."

"Ndiyo."

"Wewe unajua. Mimi najua. Mwenyekiti anajua, na huyo aliye ndani anayekunywa soda anajua." Akajipangusa mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. "Sasa niambie, kaka yangu, ni nani mwingine anayetakiwa ajue, ndipo mume wangu atoke?"